Uzi: MG, Mini, Rover, Jaguar... Muingereza alifikaje mahali pa kuuza kiwanda kizima kwa pauni 10?

Mzee wa Spana (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Juzi kijana wangu wa gereji alinionyesha kwenye simu gari jipya la umeme, akasema, "Mzee, cheki hii MG, Wachina wanajua kubuni." Nikamwambia MG ni kifupi cha Morris Garages, na huyo Morris alikuwa fundi baiskeli wa mji wa Oxford. Akacheka, akadhani namtania. Nikaona hapana, hili linataka uzi. Chukueni kahawa, ni ndefu.

Mwaka 1950 Uingereza ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuuza magari nje. Karibu nusu ya magari yote yaliyovuka mipaka mwaka ule yalitoka kwao. Mmarekani alitengeneza mengi kuliko yeye, lakini akayanunua mwenyewe nyumbani. Sasa tazama leo. Mini ni ya BMW. Rolls-Royce ni ya BMW. Bentley ni ya Volkswagen. Jaguar na Land Rover ziko kwa Tata wa India. Lotus iko chini ya Geely wa China, na hata zile teksi nyeusi za London ni za Geely huyohuyo. MG, kama kijana wangu alivyokisia bila kujua, ni ya SAIC ya China.

Ukiuliza nini kiliwaua, wengi wanajibu "migomo". Wengine wanasema magari yao yalikuwa mikweche tangu dukani. Yote yana ukweli wake. Ila mimi nasema kilichowaua ni ndoa. Waliwaozesha watu waliokuwa wanachukiana, wakawaingiza nyumba moja, halafu kila mmoja akabaki na jiko lake.

Twende mwanzo kidogo. Walichelewa kuanza kwa sababu ya sheria yao wenyewe. Mwaka 1865 bunge lilipitisha kwamba chombo cha mashine barabarani kisizidi maili 4 kwa saa, mjini maili 2, na mtu atangulie kwa miguu ameshika bendera nyekundu. Hadi 1896 ndipo magari yalifunguliwa minyororo. Wajerumani na Wafaransa walikuwa wameshatimua vumbi zamani.

Lakini walipoanza, walianza kwa mikono ya mafundi hasa. Mji wa Coventry ulikuwa mji wa baiskeli na cherehani. Rover ilianza kama baiskeli: mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa baiskeli ya magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo wa nyuma, yaani umbo lile lile la baiskeli anayopanda bibi yako akienda sokoni. Herbert Austin alikuwa Australia kwenye kazi ya mashine za kunyoa kondoo, za kampuni iitwayo Wolseley. Aliporudi Uingereza akaishawishi kampuni hiyo itengeneze magari, kisha 1905 akajitoa, akachukua kiwanda cha uchapaji kilichoachwa pale Longbridge, nje ya Birmingham. Hilo jina Longbridge lishikeni, tutarudi kulizika. Na William Morris, baba wa MG, aliacha shule na miaka 15, akafungua kibanda cha baiskeli kwa mtaji wa pauni 4. Mwaka 1913 akatoa gari lake la kwanza.

Mwaka 1922 Austin akatoa kigari kinaitwa Seven. Kidogo, bei ya mtu wa kawaida. Kiwanda kimoja cha Ujerumani kikakitengeneza kwa leseni kwa jina la Dixi, na mwaka 1928 BMW, waliokuwa na pikipiki na injini za ndege tu, wakakinunua kiwanda hicho. Kwa hiyo gari la kwanza la BMW lilikuwa Austin. Wekeni hilo mfukoni, mtalihitaji baadaye.

Sasa ndoa zenyewe.

Ya kwanza ni 1952. Austin na Morris, mahasimu wa miaka 30, wakaunganishwa kuwa BMC. Bosi wa Austin, Leonard Lord, aliwahi kuwa mtu wa Morris, wakagombana, akaondoka 1936. Inasimuliwa aliapa kuibomoa Cowley, kiwanda cha Morris, tofali kwa tofali. Ndiye huyohuyo akawa mkuu wa nyumba mpya! Unategemea nini?

Wakaunganisha makaratasi, wakaacha viwanda na wauzaji kama walivyokuwa. Kulikuwa na duka la Austin upande huu wa barabara na duka la Morris upande ule, na kila mwenye duka anataka gari lenye jina lake. Basi gari moja likavalishwa majina. Mwaka 1962 walitoa gari zuri sana, la injini ya lita moja nukta moja, lililouzwa kuliko yote Uingereza kwa miaka mingi. Likauzwa kama Austin, kama Morris, kama MG, kama Riley, kama Wolseley na kama Vanden Plas. Majina sita, gari moja. Tofauti ni grili, taa na mbao za dashibodi. Ukitaka kujua faida ilikwenda wapi, anzia hapo.

Na Mini je? Hapa navua kofia. Mgogoro wa Suez mwaka 1956 ulileta uhaba wa petroli, Lord akamwita Alec Issigonis, mhandisi aliyezaliwa Smyrna (siku hizi Izmir, Uturuki), akamwambia nitengenezee kigari cha kweli. Jamaa akailaza injini kwa upana badala ya urefu, akaweka gia boksi chini yake humohumo kwenye karta ya oili, magurudumu ya inchi 10, na badala ya springi akatumia koni za mpira zilizobuniwa na rafiki yake Alex Moulton. Kigari cha urefu wa mita tatu na kidogo, ndani wanaenea watu wanne na mizigo. Ikatoka Agosti 1959. Vigari vyote mnavyoendesha leo, Vitz, Passo, IST, injini imelala hivyohivyo, ingawa gia boksi sasa inakaa pembeni.

Shida ikawa bei, chini kidogo ya pauni 500. Ford walinunua moja wakaifungua nati kwa nati, wakapiga hesabu, wakaona BMC inapoteza kama pauni 30 kwa kila gari. BMC walibisha. Ila hata kama Ford walizidisha chumvi, kila mtu anakubali kwamba faida ilikuwa kiduchu. Ikashinda mashindano ya magari ya Monte Carlo 1964, 1965 na 1967, ikapendwa na wasanii na wafalme, ikatengenezwa zaidi ya milioni 5 hadi mwaka 2000. Sifa tele, mfuko mtupu.

Ndoa ya pili, 1968, ndiyo ya maafa. Serikali ya Harold Wilson ilisukuma BMC (iliyokuwa imeshamwoa Jaguar) iungane na Leyland, kampuni ya malori ya Lancashire iliyokuwa imeshameza Triumph na Rover. Likazaliwa British Leyland. Wafanyakazi karibu laki mbili. Mkuu wake Donald Stokes alikuwa hodari wa kuuza malori na mabasi. Magari madogo ni dunia nyingine.

Mfano mmoja tu, maana huu ndio unaniuma kama fundi. Rover walikuwa na injini ya V8 ya lita 3.5, ya alumini, nyepesi, waliyonunua haki zake kwa General Motors. Imara kabisa. Triumph, sasa ndugu yao wa nyumba moja, mwaka 1970 wakatoa gari la kifahari linaitwa Stag. Injini? Wakajitengenezea V8 yao ya lita 3! Ikawa maarufu kwa kuchemsha na kuunguza gasketi. Ndugu ana injini nzima stoo, wewe unafua yako upya kwa sababu yake ni ya Rover. Na Rover 2000 na Triumph 2000 zilizotoka mwaka mmoja, 1963, kwa mteja yuleyule, ziliendelea kuuzwa bega kwa bega chini ya paa moja hadi katikati ya miaka ya sabini.

Baada ya hapo ni mteremko bila breki. Mwaka 1975 serikali ikaichukua kampuni isife. Mwaka 1977 wakamleta Michael Edwardes, mzaliwa wa Afrika Kusini, mtu mfupi asiyetetereka. Akafunga viwanda, na 1979 kiongozi wa wafanyakazi wa Longbridge, Derek Robinson, akafukuzwa. Mwaka huohuo wakaenda kubisha hodi kwa Honda: tupeni gari tutengeneze. Mwaka 1981 likatoka Triumph Acclaim, ambalo ni Honda Ballade lenye nembo ya Triumph.

Mwaka 1988 ikauzwa kwa British Aerospace. Mwaka 1994 ikanunuliwa kwa pauni milioni 800 na... toeni ile mliyoweka mfukoni... BMW. Mwanafunzi wa Austin Seven karudi kumnunua mwalimu. Akakaa miaka sita, akapoteza mabilioni, mwaka 2000 akagawa: Land Rover akamuuzia Ford, Mini akabaki nayo, na kilichobaki, yaani Rover, MG na Longbridge, akakikabidhi kwa wafanyabiashara wanne wa Kiingereza kwa pauni 10. Kumi. Aprili 2005 ikafilisika, watu wapatao 6,000 wakarudi nyumbani. Wachina wakanunua mabaki, na ndiyo MG ya kwenye simu ya kijana wangu.

Karibuni mnikosoe.

---

mchumi_uchwara

Mkuu uzi mtamu lakini umeiachia serikali kirahisi. Wao ndio walikuwa wanapanga hata kiwanda kijengwe wapi. Rootes (Hillman, Humber, Singer, Sunbeam) walitaka kupanua Coventry kwao, serikali ikawasukuma Linwood, Scotland, kupunguza ukosefu wa ajira. Mwaka 1963 wakaanza kutengeneza Hillman Imp kule. Sasa sikiliza mchezo: bloku za injini zilisubiwa Linwood, zikapakiwa kwenda Coventry kuchongwa na kuunganishwa, kisha injini ikarudishwa Linwood kuwekwa kwenye gari. Halafu gari lililokamilika linasafirishwa tena kusini kwa wateja. Chuma kimesafiri kuliko mwenye gari.

Chrysler wakainunua Rootes 1967, mwaka 1978 wakaitupia Peugeot kwa dola 1 pamoja na madeni. Linwood ikafungwa 1981. Kwa hiyo hiyo pauni 10 yako si rekodi.

---

Mzee wa Spana

Hahaha dola moja! Umenipiga bao. Na nakubali, nilikuwa nimewasahau Rootes. Ongezea na hili: baada ya vita, kiwanda cha Volkswagen kilikuwa mikononi mwa jeshi la Uingereza. Aliyekifufua ni afisa wao, Meja Ivan Hirst. Wataalamu wa magari wa Kiingereza waliletwa waitazame Kobe, yaani gari la Volkswagen, wakasema haina mvuto kwa mnunuzi. Wakaiacha. Volkswagen akabaki na gari moja, akalirekebisha miaka nenda rudi, akaijaza dunia. Waingereza wakati huohuo wana majina ishirini na kila jina lina bawabu wake.

---

Dereva Mstaafu

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa.

Mnaongea vigari vya wazungu, mimi nitaongea malori. Sisi tuliojifunza kazi miaka ya sitini, lori lilikuwa Bedford, Albion au Leyland. Bedford ni tawi la malori la Vauxhall, lilitoka Luton. Albion ilikuwa ya Glasgow, Leyland wakaimeza 1951. Nimeendesha Bedford barabara ya vumbi kabla Dodoma haijawa makao makuu, tena utingo wangu ndiye aliyekuwa anapiga hendeli asubuhi ya baridi. Ukiikosea hendeli inarudi na mkono wako.

Na kabla yetu kulikuwa na mradi wa karanga wa Kongwa, 1947. Matrekta hayakutosha duniani, Waingereza wakachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, kiwanda cha Vickers kikavigeuza matrekta, wakaviita Shervick. Udongo wa Kongwa ukikauka ni saruji. Mradi ukafa.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: Landrova mbona hujaigusa? Hiyo ndiyo gari la Muingereza tulilolijua sisi. Polisi, bwana shamba, daktari, padri, wote Landrova.

---

Mzee wa Spana

Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa naiweka akiba.

Land Rover ilizaliwa kwa shida. Baada ya vita chuma kilikuwa kwa mgao, na serikali ilikupa kulingana na unachouza nje. Rover walikuwa na kiwanda kikubwa Solihull na chuma hakuna. Maurice Wilks, mkuu wa ufundi pale, alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey, Wales, na Jeep kuukuu la jeshi la Marekani. Akawaza: likifa hili nanunua nini? Basi tutengeneze letu.

Kila kitu unachokijua kuhusu Landrova kinatokana na ule ukata. Bodi ni ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao. Ni bapa na pembe zimenyooka kwa sababu hawakuwa na pesa ya kutengeneza mashine kubwa za kukandamiza bati. Rangi ilikuwa kijani kwa sababu rangi ya kijani ya jeshi ilikuwa imebaki tele. Ikaonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, nia ikiwa ni gari la kuziba pengo la miaka miwili mitatu. Ikatengenezwa hadi 29 Januari 2016.

Kwa wanaomiliki wakiwa pwani, dokezo la gereji: bodi haili kutu, kweli, lakini chesesi na ule ukuta wa chuma kati ya injini na dereva vinaliwa. Tena alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, alumini yenyewe inageuka unga mweupe kuanzia kwenye ribiti. Usidanganyike na mng'ao wa nje, inama chini upige nyundo ndogo.

---

Binti wa Ngamiani

Kaka asante kwa somo, ila hujajibu linalonikera. Kama Landrova ilikuwa imeshika Afrika yote, Land Cruiser iliingiaje? Baba yangu aliiacha Landrova yake ya 109 akahamia Toyota miaka ya themanini na hajawahi kueleza sababu vizuri.

---

Mzee wa Spana

Dada yangu, baba yako aliona mbali. Rudi kwenye ndoa. Ndani ya British Leyland, Land Rover ndiyo ilikuwa inaingiza faida, na faida ile ikapelekwa kulisha idara za vigari vidogo. Wateja walipanga foleni miezi mingi, kiwanda hakikuongezwa. Injini ya petroli ya lita 2.25 ikaendelea ileile tangu mwisho wa miaka ya hamsini. Toyota akaja na injini kubwa ya silinda sita, ekseli nene na gari lililo tayari leo. Mtu ana shamba la kulima, unadhani atasubiri?

Waliposhtuka na kutoa One Ten yenye springi za koili mwaka 1983, gari zuri mno, soko la Australia na sehemu kubwa ya Afrika lilikuwa limeshakwenda. Ila mapenzi hayajaisha: Oktoba 2024 Arusha walijipanga barabarani Landrova mamia kwa mamia, lengo likiwa kuvunja rekodi iliyowekwa Ujerumani. Nilikuwepo. Masikio yangu yalipona Jumatano.

---

Kipusa wa Thika

Salamu kutoka Kenya. Msisahau sisi tuliunda pia! Kiwanda cha KVM hapa Thika kilianzishwa 1974 kama Leyland Kenya, serikali ikiwa na hisa. Landrova na malori ya Leyland yaliunganishwa hapahapa. Na wale wa rika langu walipanda basi la Leyland Victory Nairobi wakienda shule, kondakta akigonga bati.

Halafu Safari Rally. 1964 ilishindwa na Ford Cortina, na 1972 Hannu Mikkola akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, akiwa na Ford Escort. Hizo Ford zilitengenezwa Uingereza. Kwa hivyo walijua kuunda gari la matope wakitaka.

---

Mzee wa Spana

Asante dada. Umegusa jambo zuri: Ford ya Uingereza ilikuwa ya Mmarekani, mwenye nyumba mmoja, jiko moja. Cortina walipiga hesabu ya kila skrubu kabla ya kuitoa. Nchi ileile, wafanyakazi walewale wenye vyama vilevile, na walipata faida kwa miaka mingi. Ndiyo maana hoja ya migomo peke yake hainitoshi.

---

mchumi_uchwara

Hapo sasa umenishinda. Ila ongeza waliokufa kwao wakaishi kwa wengine. Morris Oxford ya miaka ya hamsini ilikwenda India, ikawa Hindustan Ambassador, ikatengenezwa karibu na Kolkata hadi 2014. Hillman Hunter ikawa Paykan Iran kuanzia 1967, ikadumu hadi 2005, mwaka uleule Longbridge inafungwa. Watoto wa nje wamewazika wazazi.

Na malori ya mzee Dereva Mstaafu hayajafa yote. Kiwanda cha mji wa Leyland bado kinatoa malori kila siku, ila nembo ya mbele ni DAF na mwenye mali ni Paccar wa Marekani.

---

Binti wa Ngamiani

Swali la mwisho nikalale. MG kachukua Mchina, Mini kachukua Mjerumani. Jina la Rover lenyewe, lile la baiskeli, liko wapi?

---

Mzee wa Spana

Hilo ndilo lililomchekesha hata kijana wangu. BMW hawakuliuza jina pamoja na kiwanda, walilikodisha tu. Mwaka 2006 Ford wakalinunua ili lisije likagongana na Land Rover. Wachina waliokuwa na michoro ya gari zima wakabaki hawana jina la kuliandika, wakatunga lao: Roewe. Mwaka 2008 Ford aliwauzia Tata Jaguar na Land Rover, na Rover ikaenda kwenye furushi hilohilo.

Kwa hiyo liko India, kabatini. Jina lipo, gari halipo.